Kabla ya Kuflashi Simu Yako



Katika somo hili tutazungumza juu ya simu janja, zile ambazo wengi tunaziita simu za kupangusa. Hatutafundisha namna ya kupiga wala kutuma ujumbe. Hayo mnayajua, na wajukuu wenu wanayajua zaidi. Tutazungumza juu ya kubadili programu ya simu: sheria inasema nini, na waranti inakuwaje.

Somo hili limetokana na swali tuliloulizwa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Aliyeuliza ni mama mmoja wa kikundi cha kisomo. Mama huyu anauza mchele, na ndiye mhazini wa kikoba chao, kwa hiyo simu kwake si pambo. Alikuja darasani na simu mkononi na boksi lake kwapani. Akasema, "Mwalimu, simu ni yangu. Nimeinunua Kahama kwa hela yangu, risiti hii hapa. Sasa naambiwa nimeua waranti, tena naambiwa simu ina namba isiyo yake. Kosa langu liko wapi?"

Siku ile hatukumjibu. Tulimwomba wiki moja tukasome kwanza.

Mambo yalikuwa hivi. Simu ilikuwa na miezi saba. Siku moja ilizimika, na alipoiwasha ilifika kwenye nembo ya kampuni ikaganda hapo hapo. Akaipeleka kibandani kwa fundi. Fundi akaitazama akasema, "Hii inataka kuflashiwa tu, mama. Elfu kumi na tano." Jioni simu ikawaka kama mpya, lakini laini zote mbili hazikushika mtandao. Akairudisha. Fundi akaiunganisha tena na kompyuta, dakika chache tu, mtandao ukashika. Mama akashukuru, akaenda zake.

Baada ya wiki sita spika ikafa. Akipigiwa hasikii kitu. Akakumbuka kwamba ana waranti ya mwaka mmoja, akapanda gari mpaka Kahama kwa aliyemuuzia. Muuzaji akabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Zikatokea tarakimu nyingi kwenye kioo. Akazilinganisha na zile za kwenye boksi. Hazikulingana. Akasema, "Mama, simu hii imechezewa. Hapa hakuna waranti tena."

KUFLASHI NI NINI

Simu ina mwili na ina maagizo. Mwili ni kioo, betri, spika na vyuma vya ndani. Maagizo ndiyo programu. Ipo programu mama inayoendesha simu nzima, na zipo programu ndogo zinazokaa juu yake, kama ile ya kupigia picha au ya WhatsApp. Kwa simu nyingi tulizo nazo vijijini, kama Tecno, itel, Infinix na Samsung, programu mama inaitwa Android. Ni kazi ya kampuni ya Google ya Marekani, na simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008.

Kuflashi ni kufuta programu mama na kuweka nyingine kwa kutumia kompyuta. Mara nyingine inayowekwa ni ile ile ya kampuni. Mara nyingine ni ya kampuni hiyo lakini ya simu ya aina nyingine, na hapo simu huharibika kabisa. Mara nyingine ni programu iliyotengenezwa na watu wengine. Tena kuna kuruti. Kuruti ni kumpa mwenye simu funguo zote za ndani, aweze kufuta na kubadili hata vile ambavyo kampuni imevifunga.

Tusichanganye mambo haya na mengine mawili. La kwanza ni kusasisha. Kampuni yenyewe inakutumia programu mpya kwa njia ya mtandao, simu inakuuliza kama unakubali, unabonyeza. La pili ni kuirudisha simu ilivyotoka kiwandani kwa kutumia sehemu ya mipangilio. Picha na namba za watu zitafutika kama hukuzihifadhi, lakini programu inabaki ya kampuni. Yote mawili hayavunji waranti wala sheria. Tunalisema hili kwa sababu tumekuta watu wanaogopa kusasisha simu, halafu hao hao wanaipeleka kibandani kuflashiwa bila wasiwasi wowote.

Mtu huwa na sababu zake za kutaka kubadili programu. Simu ya zamani inakuwa nzito. Imejaa programu ambazo hakuziomba na hazifutiki. Kampuni imeacha kuitumia programu mpya. Sisi hatuoni ubaya katika sababu hizo. Simu ya miaka mitano ikipata uhai kwa fundi hodari, mwenyewe ameokoa fedha.

JE, NI KOSA?

Sheria kubwa ya mambo ya simu Tanzania ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Sheria hiyo haimwiti mtu mhalifu kwa sababu tu ameweka programu nyingine kwenye simu yake mwenyewe. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hiyo inakataza kuingia kwenye kompyuta au simu bila kuwa na haki ya kuingia. Simu ikiwa yako, haki unayo. Ikiwa ya mtu mwingine, huna mpaka akuruhusu. Neno hili liwafikie na wale wanaopekua simu za wake zao usiku.

Programu nayo ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyomlinda mwandishi wa kitabu. Sehemu kubwa ya Android imetolewa huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuibadili, lakini vile ambavyo kampuni ya simu imeviongeza juu yake si huria.

Kwa hiyo mama yetu hakufanya kosa kwa kuflashi tu. Kosa limejificha mahali pengine, nako ndiko tutakakokaa zaidi.

NAMBA YA SIMU YENYEWE

Wakulima wa pamba mnaijua mizani ya kununulia. Mizani ile ina mwenyewe, ameinunua kwa fedha zake. Akitaka kuipaka rangi, apake. Akitaka kuihamisha kutoka ghala hili kwenda lile, ahamishe. Lakini ipo lakiri ya Wakala wa Vipimo. Lakiri ile haigusi, ingawa imefungwa kwenye mali yake. Akiikata, hatusemi amerekebisha mizani yake. Tunamwita mtu wa serikali.

Simu nayo ina kitu cha namna hiyo. Inaitwa namba ya IMEI. Si ile namba ya laini unayowapa watu wakupigie. Hii ni namba ya simu yenyewe, ina tarakimu 15, na kila simu duniani inatakiwa kuwa na yake. Simu ya laini mbili ina namba mbili. Namba hiyo imechapwa kwenye boksi, na katika simu ambazo betri yake inatoka imechapwa pia ndani, chini ya betri. Ukibonyeza *#06# inatokea kwenye kioo.

Kila simu yako inapotafuta mtandao, inajitaja kwa namba hiyo. Sheria ya mwaka 2010 iliagiza kuwe na rajisi ya kutunza namba hizi, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Mtambo wenyewe ulianza kazi Desemba 2015. Wananchi walipewa miezi sita ya kukagua simu zao, na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu zenye namba bandia zikazimwa nchi nzima. Wengi mnaukumbuka usiku huo. Mtu alilala na simu nzima, asubuhi akaamka na kioo cha kujitazamia.

Mtambo huo unafanya na kazi nyingine. Simu ikiibwa, mwenyewe akatoa taarifa polisi, namba yake inaweza kufungiwa isitumike kwenye mtandao wowote nchini, hata mwizi akibadili laini mara kumi.

Sasa kuflashi na IMEI vinakutana wapi? Vinakutana ndani ya simu. Katika simu nyingi za bei nafuu, namba hii imehifadhiwa katika kumbukumbu ile ile ya ndani inayobeba programu. Ni kama nyumba moja yenye vyumba vingi, na chumba kimoja kidogo ndimo inamokaa IMEI. Fundi anayejua kazi hufuta vyumba anavyotaka, kile kidogo anakiacha. Fundi mwenye haraka huchagua kufuta nyumba nzima. Simu inawaka vizuri, lakini haina namba, na simu isiyo na namba mtandao hauipokei. Ndiyo maana laini za mama hazikushika.

Hapo fundi inambidi aandike namba ili simu ifanye kazi. Fundi mwangalifu atakuambia, "Mama, niletee boksi." Fundi asiye mwangalifu ataandika namba ya simu mbovu aliyonayo kwenye droo, au namba moja hiyo hiyo atawawekea wateja kumi. Yeye anaona amekusaidia, na wewe unaona amekusaidia.

Lakini kubadili IMEI ndilo jambo ambalo sheria ya 2010 imelikataza waziwazi. Adhabu yake ni faini kubwa au kifungo. Sheria haiulizi kama simu ni yako.

Fikirini hatari yake. Kama namba ile ilikuwa ya simu iliyoibwa, siku itakapofungiwa na yako inafungiwa. Kama simu ile ilitumika katika utapeli, polisi wakiifuata namba wataikuta inasema na laini yako. Na laini zetu, tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza tarehe 1 Mei 2019, zinajulikana ni za nani. Utaeleza nini? "Aliandika fundi." Fundi yupi? Risiti iko wapi? Katika senta zetu za machimbo vijana wanahama. Leo kibanda kipo Kakola, mwezi ujao kipo Geita au Chunya.

WARANTI

Waranti ni ahadi ya maandishi. Kampuni au muuzaji anaahidi kwamba simu ikiharibika kwa kosa la kiwandani ndani ya muda fulani, mara nyingi mwaka mmoja, itatengenezwa au kubadilishwa bure. TCRA huwakumbusha wanunuzi kudai risiti na waranti siku ya kununua. Wengi wetu tunachukua chaja na boksi, na ile karatasi tunawashia moto.

Kila ahadi ina masharti yake. Karatasi nyingi za waranti zinasema haifanyi kazi kama simu imeanguka, imeingia maji, imefunguliwa na fundi asiyetambuliwa na kampuni, au programu yake imebadilishwa. Sharti la mwisho ndilo lililomkamata mama yetu. Huku si kushtakiwa. Hakuna polisi wala hakimu. Ni mapatano yamevunjika, basi, na gharama inarudi kwako.

Watu hutuuliza, "Watajuaje?" Wanajua. Simu yenyewe inaweka kumbukumbu kwamba kufuli ya programu mama ilifunguliwa. Katika simu nyingi za Samsung tangu mwaka 2013 kuna kitu kinachofanana na fyuzi ndani ya simu. Ukiweka programu isiyo ya kampuni, fyuzi inaungua, na haiwezi kurudishwa hata ukirudisha programu ya mwanzo. Fundi anayekuambia "nitaiweka wasijue" anajipa sifa.

Hata hivyo muuzaji naye ana wajibu usiotegemea karatasi ya kampuni. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaofaa. Kwa hiyo simu yako ikiganda ikiwa na miezi saba, mtu wa kwanza kwenda kwake ni aliyekuuzia, kabla fundi mwingine hajaigusa. Simu ya mama ilipoganda kwenye nembo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ingetengenezwa bure. Nauli ya Kahama ilimfanya aone kibanda ni rahisi. Hatumlaumu. Kwenda na kurudi ni siku nzima bila biashara, na watu wa kikoba wanamtafuta.

SIMU ZA MKOPO

Siku hizi watu wengi wanachukua simu kwa mkopo. Unatoa kianzio, halafu unalipa kila siku au kila wiki. Ndani ya simu kuna programu ya kufuli. Usipolipa, simu inajifunga.

Tumesikia vijana wakisema kuna fundi anayeweza kuiondoa kufuli hiyo. Labda yupo. Lakini mikataba mingi ya namna hii inasema simu ni mali ya mkopeshaji mpaka utakapomaliza deni. Hivyo yale tuliyosema juu ya "simu yako mwenyewe" hapa hayapo, kwa sababu bado si yako. Ukiondoa kufuli umevunja mkataba, deni linabaki pale pale, na mkopeshaji anaweza kukushtaki. Namba ya IMEI anayo, na jina lako analo. Kama malipo yanakushinda kwa sababu duara limefungwa au mpunga haujauzwa, nenda ukaseme mapema. Soma mkataba kabla ya kuweka saini. Kusoma sasa mnajua.

WENZETU MAREKANI

Ubishi huu wa "simu ni yangu" hauko kwetu tu. Marekani watu waligombana miaka mingi. Mwaka 2010 Mkutubi wa Bunge lao, ambaye kule ndiye hupewa kazi ya kupanga nini kinaruhusiwa chini ya sheria ya hakimiliki, aliruhusu watu kufungua kufuli za programu katika simu zao. Lakini kuanzia tarehe 26 Januari 2013 ikawa ni kosa kufungua simu mpya iliyofungwa kwa mtandao mmoja bila ruhusa ya kampuni ya mtandao huo. Watu zaidi ya laki moja wakatia saini ombi la kupinga. Tarehe 1 Agosti 2014 Rais Barack Obama akatia saini sheria ya kuruhusu tena.

Hata baada ya ushindi huo, waranti haikufuata. Sheria ilisema si kosa. Haikusema kampuni itengeneze bure simu uliyoibadili. Ni mambo mawili mbalimbali, kule na hapa.

UNAPOKWENDA KWA FUNDI

Kama muda wa waranti umekwisha, simu umemaliza kuilipa, na unataka kuflashi, flashi. Ila usiende mikono mitupu. Nyumbani kwako bonyeza *#06#, unakili tarakimu zote kwenye daftari kwa mafungu ya tatu tatu ili usichanganyikiwe. Linganisha na boksi. Mwambie fundi mbele ya mtu mwingine, "Fundi, namba hii isiguswe." Mwombe akuandikie karatasi yenye jina lake, tarehe na kazi aliyofanya. Fundi mwenye leseni ya TCRA hatakasirika. Anayekasirika kwa sababu ya karatasi, mchukulie simu yako.

Ukirudishiwa, usilipe kwanza. Bonyeza tena *#06# ukiwa pale pale, fungua daftari, soma fungu kwa fungu. Unaweza pia kuituma namba kwa ujumbe kwenda 15090, namba iliyotangazwa na TCRA kwa kukagulia. Ujumbe unaorudi unataja aina ya simu. Kama mkononi una Tecno na jibu linasema Nokia, namba hiyo imetoka kwenye simu ya mtu.

Jambo jingine. Simu iliyorutiwa, programu nyingi za benki hukataa kufungua ndani yake, kwa kuogopa wezi. Wenye kutunza fedha za kikundi kwenye simu walifikirie hili.

JIBU LETU KWA MAMA

Tulimrudia baada ya wiki, tukamwambia hivi. Kosa la kubadili namba ni la aliyeibadili, na wewe hukumwagiza. Lakini simu iko mkononi mwako, na sasa umeshajua. Kwa hiyo itoe laini zako leo, usiitumie wala usimuuzie mtu. Ukimuuzia, umemhamishia mzigo. Chukua simu, boksi na risiti, uende kituo cha huduma cha kampuni, ueleze yote bila kuficha, uwaulize kama wataweza kuirudisha namba ya kwenye boksi. Wakishindwa, ipo ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa pale Mwanza. Waranti usiihesabu tena. Spika utalipa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na yule kijana?" Tukamwambia twende wote. Tulikuta kibanda kimefungwa. Jirani akasema fundi amekwenda msibani Runzewe, atarudi. Mpaka tunaandika somo hili hajarudi. Mama anatumia kitochi.

ZOEZI LA KIKUNDI

1. Kila mwenye simu abonyeze *#06#, aandike namba daftarini kwa mafungu ya tatu tatu. Asimpe mtu mwingine ainakili.

2. Soma namba hizi mbili kwa sauti: 001 234 567 890 123 na 001 234 576 890 123. Je, ni namba moja? Tofauti iko fungu la ngapi?

3. Nani kati yenu bado ana karatasi ya waranti? Ileteni darasani, msome pamoja sehemu inayosema waranti haitafanya kazi. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, mwombeni mwalimu awatafsirie neno kwa neno.

4. Jirani yako anakuuzia simu kwa bei ya chini sana, na anasema boksi limepotea. Utafanya nini kabla ya kutoa hela?